Kasma ya Mengineyo

Jumamosi, 28 Januari 2023. Moshi.

Bajeti imekamilika. Dola 60 kwa siku, siku 28, jumla dola 1,680, mbali na tiketi za ndege na viza ambazo zimeshalipwa na zimeshauma. Nimechagua Februari kwa sababu ndiyo kiangazi cha Patagonia, na kwa sababu ina siku 28. Machi ingenigharimu dola 180 zaidi bila kuniongezea mlima hata mmoja.

Mgawanyo: malazi 600, usafiri 400, chakula 300, viingilio 180, gesi na vifaa 116. Zinabaki 84, sawa na asilimia tano, nimeziweka kwenye kasma ya Mengineyo. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa mhasibu wa kampuni ndogo inayopandisha wageni Kilimanjaro, na katika bajeti zote nilizowaandalia, Mengineyo ni asilimia tano. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Leo ndiyo nimekumbuka kwamba hakuna pia aliyewahi kurudi ofisini kusema zilitosha.

Mke wangu ameisoma karatasi mara mbili, akauliza huko Patagonia kuna nini. Nikamwambia kuna milima. Akatazama dirishani. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe, haina hata wingu la kuombea. Akauliza kama nitakula sasa au baadaye.

Begi nimelipima kwa mizani ya kuning'iniza ya ofisini, ile tunayopimia mizigo ya wagumu, ndugu zetu wanaobeba mlimani. Kilo 17.4. Mgumu anaruhusiwa 20. Nikalivaa, nikatembea nalo mpaka getini. Mlinzi akaniuliza kwa huruma kama ofisi imepunguza watu.

Jumatano, 1 Februari. Santiago.

Uhamiaji wamenipa kikaratasi chepesi, mfano wa risiti ya duka. Risiti zote huzitunza. Hiki hakikuwa na kiasi cha fedha, nikaona basi si risiti. Nimefungia bigijii.

Mbele kidogo kuna fomu inayouliza kama umebeba matunda, mbegu, asali au nyama. Nilikuwa na nusu kilo ya ubuyu wa Zanzibar, wa kunisogezea siku milimani. Nikaweka alama kwenye "ndiyo", maana faini ya kusema uongo haina kasma. Afisa, mama wa makamo mwenye glavu nyeupe, akafungua mfuko. Kwa Kihispania changu cha miezi minne na kwa mikono, tulizungumza hivi. Ni nini? Pipi. Ndani kuna nini? Mbegu. Mbegu ya nini? Ya mti mkubwa sana. Unaitafuna? Hapana, unaifyonza halafu unaitema. Unaitema wapi?

Hapo nilichelewa kujibu.

Ubuyu umebaki serikalini. Glavu zimebaki nyekundu. Hasara Sh 5,000, Mengineyo.

Alhamisi, 2 Februari. Punta Arenas.

Saa tatu na nusu za ndege kwenda kusini, na bado ni nchi ile ile. Katikati ya mji kuna sanamu ya Magellan, Mreno aliyepita kwenye mlangobahari ulio mbele ya mji huu mwaka 1520. Chini yake wamekaa wenyeji wa shaba, na mguu wa mmoja wao unang'aa kwa kushikwashikwa. Husemwa kidole chake kina bahati. Foleni ilikuwa ya watu tisa, na kidole ni bure, nikajipanga.

Nikiwa wa nne nilikumbuka kwamba huyu bwana wa juu, kabla hajawa sanamu, alikuwa kwenye msafara wa Francisco de Almeida wa mwaka 1505, ule ulioishambulia Kilwa kisha Mombasa. Nikafikiria kutoka kwenye foleni. Lakini kidole si chake. Nikakishika.

Hapo hapo upepo ukaondoka na kofia yangu ya pama. Siku za upepo mkali mji huu hufunga kamba mitaani ili watu wapate cha kushikilia. Mimi nilikuwa nimeshikilia kidole. Kofia: Sh 15,000. Mengineyo.

Ijumaa, 3 Februari. Puerto Natales.

Basi, kilomita kama 250. Nje ya dirisha: uzio, kondoo, uzio, kondoo. Mji uko kando ya ghuba iitwayo Última Esperanza, yaani Tumaini la Mwisho, jina linalotokana na baharia Juan Ladrillero, aliyeingia huku mwaka 1557 akitafuta njia ya kufika kwenye mlangobahari ule wa Magellan. Njia haikuwepo. Hosteli yangu iko mtaa wa pili kutoka kwenye Tumaini.

Mpokezi akanipa habari njema: mgeni asiye mkazi, akilipa kwa dola au kwa kadi ya nje, anasamehewa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19. Anachotakiwa ni kuonyesha pasipoti na kile kikaratasi cha uhamiaji. Nikauliza kikaratasi gani. Akanionyesha cha mgeni mwingine. Nilikitambua mara moja.

Nikamwaga mifuko yote mezani. Kila risiti tangu Moshi ilikuwepo, pamoja na ya choo cha stendi. Kikaratasi hakikuwepo. Kitanda ni dola 20 kwa usiku, siku tatu, kodi dola 11.40. Mengineyo. Mpokezi alisema hajawahi kuona mtu anatunza risiti ya choo. Nikamwambia ndiyo kazi yangu, na sentensi hiyo kwa Kihispania sidhani ilitoka sawa.

Jumamosi, 4 Februari.

Manunuzi. Parachichi moja linauzwa bei ambayo Moshi ungeondoka na ndoo. Sikununua. Nililishika tu. Nimechukua dengu, tambi, sukari, chumvi, na kilo mbili za unga wa mahindi wa njano wanaouita polenta. Mtungi mdogo wa gesi sikuununua: hosteli ina rafu ya mitungi iliyoachwa na wageni waliotoka milimani, kila mmoja ukiwa na gesi kidogo. Nimeitikisa yote sikioni kama mnunuzi wa nazi, nikachukua mitatu. Kasma ya gesi iko salama. Nikajipongeza kwa kahawa.

Mhudumu alipoleta hesabu aliuliza kitu chenye neno "propina". Nilidhani ni aina ya maziwa, nikasema ndiyo. Ni bahashishi, asilimia 10. Katika kila bajeti ya ofisi yetu kuna mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo: bei haijumuishi bahashishi. Nimeuandika mimi, miaka yote hii. Sikuwahi kuusoma.

Jumatatu, 6 Februari. Torres del Paine.

Kiingilio cha hifadhi ni dola 49 kwa anayekaa zaidi ya siku tatu. Mgeni wa Kilimanjaro analipa dola 70 kwa kila siku moja, na 50 nyingine kwa kila usiku wa kambi, bila kodi. Nikiwa langoni nilijiona mjanja kama sungura. Nikatabasamu hadi mlinzi naye akatabasamu.

Kisha boti ya kuvuka ziwa Pehoé: karibu dola 30 kwa nusu saa, yaani dola moja kwa dakika. Watu walikuwa wanapiga picha. Mimi niliangalia saa. Ilichelewa kufika kwa dakika nne na sikudaiwa nyongeza, kwa hiyo naweza kusema nimepata punguzo.

Kambi hapa huwezi kutokea tu na hema lako. Nafasi hulipiwa miezi kabla, na za upande wa mashariki ni zaidi ya mara mbili ya za magharibi kwa ardhi ile ile na upepo ule ule. Moto ni marufuku. Moto ulioanza mwishoni mwa mwaka 2011, ambao mtalii alilaumiwa kwa kuuanzisha, uliteketeza hekta kama 17,000, na miti mingine bado imesimama mikavu, myeupe kama mifupa. Jiko la gesi huwashwa ndani ya banda la kupikia tu.

Humo bandani nikasonga ugali. Unga huu umeshapikwa nusu kiwandani. Hausongeki. Nikaongeza unga, ukawa uji mzito. Nikaongeza tena, ukawa uji mwingi. Kwa rangi yake wazee wangeuita unga wa Yanga na kuukumbuka kwa uchungu. Kijana mmoja aliyeketi jirani akaniuliza kama ni kifungua kinywa cha kesho. Nikamwambia ndiyo. Sasa ni kweli.

Jumanne, 7 Februari. Kambi ya Grey.

Upepo. Nimepoteza vigingi vitatu vya hema, na fito moja imepinda ikawa kama upinde wa kuwindia. Kigingi hakivunjiki. Kinang'oka, kinasimama kidogo hewani kana kwamba kinakumbuka kitu, kisha kinaondoka. Vigingi vipya na kamba kutoka duka la kambi: dola 9, na hilo duka linajua fika kwamba halina mpinzani hadi ng'ambo ya ziwa. Ningeweka kwenye kasma ya vifaa, lakini kiuhasibu kifaa ni kitu unachotarajia kukiona kesho. Mengineyo.

Saa tatu na nusu usiku jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Nimelala nimefunika macho kwa soksi.

Jumatano, 8 Februari.

Tangazo la kambi linasema tundika chakula, kuna panya. Nimetundika polenta, dengu, tambi na sukari juu ya tawi, kwa fundo alilonifundisha mgumu mmoja wa Machame. Panya hakugusa chakula. Aliingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi akala risiti za tarehe 3 na 4 zote, na za tarehe 6 kwa sehemu. Ya choo cha stendi ameiacha.

Kuanzia leo takwimu za wiki ya kwanza ni makadirio.

Alhamisi, 9 Februari.

Intaneti kambini inauzwa kwa saa. Nimenunua saa moja, dola 10, ili nimsalimu mke wangu. Ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa bosi: kuna mgeni anauliza kwa nini hema la choo linalipiwa pembeni, mlimani si kuna vyoo? Umjibu, mdogo wangu, wewe ndiye unajua kuwajibu hawa.

Nilikuwa nimetoka kusimama dakika 25 kwenye foleni ya choo, nyuma ya watu 14, kwenye mvua ya ubavu. Nikamwandikia yule mgeni aya tatu. Ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika kazini. Nilipomaliza saa ikawa imekwisha, na mke wangu sikumsalimu.

Ijumaa, 10 Februari. Chini ya minara.

Nimeamka saa tisa na nusu usiku ili kuwahi mapambazuko kwenye minara mitatu ya mawe iliyoipa hifadhi hii jina. Kipande cha mwisho ni mawe makubwa matupu na giza. Magoti yangu yalikuwa yanaongea. Nikafika. Jua likapiga, matale yakawa mekundu kama kaa la moto kwa dakika chache, watu wakanyamaza, hata wale waliokuwa wanagombana njia nzima kuhusu tochi.

Kisha nikaangalia saa yangu inayopima kimo. Mita 880 hivi. Mji wa Moshi uko kwenye kimo hicho hicho. Nimesafiri siku mbili kwa ndege, nimetembea siku tano, nimelipa ng'ambo na huku, nimefika sebuleni kwangu.

Mengineyo imebaki na dola 31 baada ya kulipia fito mpya. Siku zilizobaki ni 18.

Jumatatu, 13 Februari. El Calafate, Argentina.

Basi la saa tano na ushee, pamoja na mpaka. Upande huu dola ina bei mbili: ya benki, haifiki peso 200, na ya mtaani, 370. Kila mtu analijua hilo, hata askari, na nimebadilisha dola 300 kwenye duka la chokoleti mchana kweupe. Noti kubwa kabisa ya nchi hii ni ya peso 1,000, ina picha ya ndege anayejenga kiota cha udongo mfano wa tanuri, na thamani yake haifiki dola tatu. Noti za ndege zilikuwa zimekwisha. Nimepewa za 500 na za 200, jumla peso 111,000 kwa noti 405.

Nilizihesabu kitandani. 404. Nikarudi dukani. Yule bwana akazihesabu, 405. Nikarudi hosteli, 404. Nimeandika hasara ya peso 200, kama senti 54 za dola, kisha nikanunua mfuko wa kuzibebea kwa dola 6. Walionikuta kwenye ngazi na kile kifurushi walinipisha kwa heshima ambayo sijawahi kuipata Moshi.

Jumanne, 14 Februari. Barafu ya Perito Moreno.

Ukuta wa barafu wenye upana wa karibu kilomita tano, unaosimama mita 60 na zaidi juu ya maji. Watu hukaa kwenye njia za mbao mkabala nao wakisubiri kipande kianguke, maana ukishalipa kiingilio kusubiri ni bure. Nimekaa saa tatu katikati ya wapenzi waliokuja kwa ajili ya siku yao. Barafu inalia ndani kwa ndani, kama paa la bati saa sita mchana. Nikatoa daftari niandike bei ya sambusa ya hapa, empanada, nisije nikaisahau. Nikasikia mlio mmoja mrefu, halafu watu wakapiga kelele. Nilipoinua kichwa palikuwa na mawimbi.

Empanada ilikuwa peso 600. Nimehakikisha.

Jumatano, 15 Februari.

Mji huu umepewa jina la kichaka cha miiba chenye matunda meusi. Wenyeji husema ukila tunda la calafate lazima utarudi Patagonia. Mwenye hosteli ameleta jamu yake mezani asubuhi, bure, kwa kila mgeni. Nimekula mkate mkavu. Safari ya pili haimo kwenye bajeti.

Alhamisi, 16 Februari. El Chaltén.

Mji huu ulianzishwa Oktoba 1985, wakati Argentina na Chile zinagombania mpaka, ili pawepo na watu wa kusema "hapa ni petu". Ni mdogo kwangu kwa miaka miwili. Umejaa watu wenye miguu mizuri.

Njia zote za milimani ni bure. Kambi za porini, bure. Maji ya mtoni unakinga na kikombe unakunywa, bure. Nimesoma bango la maelezo mara tatu nikitafuta mstari wa chini kabisa, ule wa herufi ndogo. Haupo. Usiku sikupata usingizi vizuri.

Ijumaa, 17 Februari.

Mlima wenyewe, Fitz Roy, una mita 3,405. Francisco Moreno aliupa jina hilo mwaka 1877 kwa heshima ya nahodha wa meli ya Beagle. Wenyeji wa asili walishauita Chaltén, mlima unaofuka moshi, kwa sababu ya mawingu yasiyobanduka kileleni. Waliujua kuliko Moreno. Leo sijauona.

Nimemtumia mke wangu picha ya wingu. Amenitumia picha ya Kibo. Ameandika: "Leo umetoka wazi."

Jumamosi, 18 Februari.

Wingu. Nimetuma. Amejibu kwa Kibo, safari hii na Mawenzi.

Jioni vijana wanne kutoka Córdoba wamenikaribisha mate kwenye jiko la hosteli. Ni majani makavu kwenye kibuyu kidogo, yanamiminiwa maji moto, mnafyonza kwa mrija mmoja wa chuma kwa zamu. Kwanza waliniuliza kama Tanzania walitazama fainali ya Kombe la Dunia ya Desemba. Nikawaambia jirani yangu alivunja kiti Messi alipofunga la pili. Wakafurahi sana, wakanipa kibuyu. Nikafyonza, nikarudisha, nikasema "gracias".

Kibuyu kikazunguka, kikanipita. Kikazunguka tena, kikanipita. Mara ya tatu nikadhani ni suala la bajeti, nami ni mtu wa kuelewa hayo, nikanyamaza. Mara ya nne binti mmoja akanihurumia: kwenye mate, ukisema asante maana yake umetosheka, usipewe tena. Kwetu asante ndiyo inayoleta kikombe cha pili. Nikaanza upya bila adabu. Nilikunywa vibuyu sita na sikushukuru hata kimoja.

Jumapili, 19 Februari.

Wingu. Kibo. Amemwomba hata jirani asimame mbele kwa ajili ya kipimo.

Jumatatu, 20 Februari.

Soli ya kiatu cha kulia imefungua mdomo kwenye njia ya Cerro Torre, kilomita sita kutoka mjini. Viatu hivi aliviacha mgeni mmoja Mjerumani mwaka 2016, vikapita kwa wagumu wawili kabla ya kunifikia. Kwa hesabu zangu uchakavu wake ulishakamilika mwaka 2020, kwa hiyo kwenye vitabu havina thamani yoyote na sijapata hasara. Nimerudi nikiburuza mguu. Kila hatua soli ilipiga makofi.

Duka la vifaa limefungwa. Ni sikukuu ya Kanivali, leo na kesho.

Jumanne, 21 Februari.

Kanivali. Nimezungushia kiatu selotepu, mizunguko 22. Selotepu niliazimwa na mwenye hosteli, amesema nitalipa kilichotumika. Tumepima kwa rula.

Soksi moja imepeperuka kutoka kwenye kamba ya kuanikia. Iliyobaki nimeiandika nusu bei.

Jumatano, 22 Februari.

Duka limefunguliwa. Gundi ni ghali kuliko kiatu. Mkate nao umepanda tangu nilipofika; mwaka jana mfumuko wa bei hapa ulikaribia asilimia 95, na mwuzaji hapotezi muda, anafuta kwa kiganja na kuandika upya kwa chaki wakati unatoa noti. Nimejifunza kushika noti mkononi kabla ya kuingia.

Mengineyo imepita sifuri. Nimefungua ukurasa mwingine.

Alhamisi, 23 Februari. Laguna de los Tres.

Nimelala kambi ya Poincenot, nimepanda kipande cha mwisho saa kumi na moja alfajiri na kiatu cha gundi. Ni mwinuko wa mita kama 400 uliosimama wima, mawe yanayoteleza, na waliokuwa mbele walikuwa wanaapa kwa lugha nne. Juu hapakuwa na upepo. Hata kidogo.

Nimeuona. Wote, hadi ncha. Bure.

Nimetuma picha nilipofika mjini. Mke wangu amejibu baada ya saa mbili: "Huku leo mawingu."

Jumamosi, 25 Februari. Mpakani.

Chile hairuhusu matunda, mayai wala jibini bila kukaguliwa, na mimi sitoi chakula kwa serikali mara mbili. Nimekula tofaa tatu na mayai manne ya kuchemsha kwenye foleni ya basi, nimesimama. Jibini ilinishinda. Nikaweka alama kwenye "ndiyo", nikaonyesha jibini, nikadhani yamekwisha.

Mbwa wa ukaguzi akalinusa begi langu, akalizunguka, akakaa chini mbele ya mfuko wa pembeni. Wakatia mkono ndani. Mbegu saba za ubuyu, zimefyonzwa, safi. Ndiyo jibu la swali la Santiago: ukiwa kwenye ndege, unaitema mfukoni.

Afisa akaniuliza ni mbegu ya nini. Nikamwambia ya mti mkubwa sana. Kwa kuwa nilishasema "ndiyo", faini haikuwepo. Mbwa alipewa zawadi. Jibini waliniachia.

Jumatatu, 27 Februari. Puerto Natales.

Nimefua suruali, bigijii imejitokeza kwenye mshono wa mfuko wa nyuma ikiwa bado ndani ya kile kikaratasi cha uhamiaji. Imegoma kubanduka. Nimempelekea mpokezi vyote viwili. Alikishika kwa kona, akakiinua kwenye mwanga, akasoma kinachosomeka, akanisamehe kodi ya usiku mmoja. Dola 3.80. Anakumbuka risiti ya choo. Ameuliza kama bado ninayo. Nilimwonyesha.

Jumanne, 28 Februari.

Siku ya mwisho, na kweli nashukuru si Machi. Hesabu: malazi yamebakiza dola 41, shukrani kwa Chaltén. Gesi na vifaa, 70. Usafiri umekula wote. Chakula kimezidi kwa 18, nyingi zikiwa za mkate wa chaki. Viingilio vimetosha kabisa, havikubaki wala havikupungua, jambo ambalo halijanitokea ofisini tangu niajiriwe. Mengineyo, iliyotengewa 84, imetumia 213. Nimejumlisha mara tatu kwa njia mbili. Nilivyofika Santiago nilikuwa mtu wa asilimia tano.

Nikiwa stendi, nasubiri basi la Punta Arenas na ndege ya usiku, choo kimenishika. Pesa yote ilikuwa imekwisha isipokuwa peso 340. Choo ni 400. Mlangoni amekaa bibi mmoja na kisahani cha sarafu, shali mabegani, redio inaongea taratibu. Nikaweka sarafu moja moja. Akazihesabu. Akanihesabia tena kwa sauti, polepole, ili nielewe. Nikamwambia kwa Kihispania changu cha miezi mitano kwamba ni mimi ninayeandika barua za hema la choo. Akatazama kiatu changu cha gundi. Akatazama saa. Kisha akasukuma karatasi ya choo, mikunjo minne, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nilimwomba risiti. Alinipa, ya peso 400 kamili.

Peso 60 nimeziandika kwenye safu ya Mapato. Ilikuwa tupu mwezi mzima.